Inasakwa chokaa isiyochoka

*Gesi asilia ikikutana na mvuke hutoa haidrojeni, na pamoja nayo hewa ukaa. Jiwe lile lile lililojenga Kilwa linaweza kuimeza hewa hiyo humo humo mtamboni. Lina kasoro moja tu, na kasoro hiyo imewakosesha wanasayansi usingizi kwa miaka 50.*

Maji yakiwa yamekupwa, mashua haifiki ufukweni Kilwa Kisiwani. Unashuka, unakunja suruali, unatembea juu ya matumbawe yaliyokufa hadi nchi kavu. Ukifuata njia ya kwenda Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, unalikuta tena jiwe ulilokuwa ukilikanyaga majini. Limo ukutani, na kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa.

Wajenzi wa enzi hizo waliyapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakawasha moto. Jiwe liliingia tanuuni zito, likatoka jepesi. Wakalimwagia maji, nalo likachemka lenyewe bila moto chini yake, likapasuka, likawa unga. Unga ukachanganywa na mchanga, ukapakwa ukutani. Huko ukutani, mwaka baada ya mwaka, ukarudi polepole kuwa jiwe.

Kilichotoka kwenye jiwe lile motoni, na kilichorudi ndani yake ukutani, ni kitu kimoja: kabonidayoksaidi, ambayo magazeti yetu yameizoea kwa jina la hewa ukaa.

Kaskazini mwa hapo, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, kuna kisiwa cha Songo Songo. Gesi asilia iligunduliwa hapo mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ni gesi safi kwa kiwango cha kushangaza: takriban asilimia 97 yake ni methani.

Nilipopewa kazi ya kuandika kuhusu haidrojeni, nilidhani ningemalizia kwenye maabara na mitambo ya Ulaya na Marekani. Huko nilifika, kwa kusoma. Lakini kila nilipouliza ni kitu gani kinachotafutwa kwenye maabara hizo, jibu lilinirudisha Kilwa.

Haidrojeni ya leo ina moshi

Haidrojeni husifiwa kwamba ikiungua hutoa maji matupu. Sifa hiyo ni ya kweli, ila inaanzia katikati ya hadithi. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 dunia ilitumia tani milioni 97 za haidrojeni, na ile iliyotengenezwa kwa njia zenye uchafuzi mdogo haikufika hata tani milioni moja. Iliyobaki karibu yote ilitoka kwenye gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta, na utengenezaji wake ulimwaga angani tani milioni 920 za hewa ukaa.

Njia kuu ni hii. Gesi asilia na mvuke hupitishwa kwenye mabomba yaliyojazwa kichocheo cha nikeli, ndani ya tanuri lenye nyuzijoto 800 hadi 900. Kinachotoka ni mchanganyiko wa haidrojeni na gesi nyingine, hivyo hupelekwa kwenye mtungi wa pili, halafu wa tatu, halafu kwenye mtambo wa kuchuja. Kwa kila kilo ya haidrojeni, kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa huenda hewani. Kilo 5.5 zinatokana na mmenyuko wenyewe. Zilizobaki zinatokana hasa na gesi inayochomwa ili tanuri lisipoe.

Mkulima wa Songwe au Rukwa hajawahi kuiona haidrojeni, lakini anaibeba begani. Mfuko wa yurea ulianza safari yake kama haidrojeni iliyofungwa na naitrojeni ya hewani ikawa amonia. Katika kila kilo 17 za amonia, kilo 3 ni haidrojeni. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopaa duniani baada ya vita ya Ukraine kuanza, mfuko wa kilo 50 ulipita Sh100,000 nchini, hadi Serikali ikaingiza ruzuku ili mkulima aupate kwa Sh70,000. Wakati huo huo gesi inayoweza kuizaa mbolea hiyo ilikuwa ikipita chini ya ardhi yetu, na kiwanda cha mbolea cha Kilwa Masoko kilichozungumzwa miaka nenda miaka rudi kilikuwa bado ni mazungumzo.

Kwa hiyo haidrojeni si habari ya magari ya kesho. Ni habari ya mahindi.

> Mkulima wa Songwe au Rukwa hajawahi kuiona haidrojeni, lakini anaibeba begani.

Kisima kinachochotwa

Mmenyuko wa gesi na mvuke una tabia ya kisima. Kikishajaa, maji hayaongezeki. Ukichota, mengine huja. Haidrojeni na hewa ukaa zikijazana ndani ya mtungi, mmenyuko unasimama kabla gesi yote haijatumika. Ndiyo maana viwanda hulazimika kupandisha joto sana, kisha kupitisha mchanganyiko kwenye mitungi mingine.

Sasa fikiria kuna kitu ndani ya mtungi kinachoichota hewa ukaa kila inapozaliwa. Mmenyuko hauna pa kusimama. Unasonga mbele, na haidrojeni inaongezeka.

Kitu hicho ni chokaa iliyotoka motoni, kabla haijaguswa na maji. Kwa kemia ni kalsiamu oksaidi. Wengi wetu tulikutana na ndugu yake darasani. Mwalimu aliweka maji ya chokaa, meupe ya kuonekana upande wa pili, kwenye tyubu ya kioo. Mwanafunzi akapuliza kwa mrija; shuleni kwetu mrija ulikuwa ganda la kalamu lililotolewa wino. Baada ya pumzi chache maji yakageuka kama tui. Hewa ukaa ya mapafu ilikuwa imenaswa na chokaa, ikawa chembe ndogo za jiwe zinazoelea.

Mtamboni jambo ni lile lile, ila kwenye nyuzijoto 600 hadi 650. Chembe za chokaa huchanganywa na kichocheo cha nikeli, gesi na mvuke zikipita. Haidrojeni inayotoka kwenye mtungi huo mmoja, ikishaondolewa mvuke, inaweza kuzidi asilimia 95 kwa usafi. Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni nzuri kuliko zote: chokaa inaponasa hewa ukaa hutoa joto, na joto hilo linakaribia kulingana na lile ambalo mmenyuko wa gesi na mvuke unalihitaji. Kimoja kinatoa, kingine kinapokea, ndani ya chungu kimoja.

Chokaa ikishiba, huhamishiwa kwenye tanuri la pili la nyuzijoto kama 900. Hapo inaiachia hewa ukaa, ikiwa peke yake, tayari kushindiliwa na kuhifadhiwa. Chokaa inarudi kazini.

Wazo hili ni kongwe. Miaka ya 1860, Tessié du Motay na Maréchal waliliandikia hataza wakitumia makaa. Mwaka 1933 ikaja hataza nyingine Marekani, ya methani na mvuke. Miaka ya 1970, mtambo wa majaribio wa Rapid City, jimbo la South Dakota, uliizungusha chokaa kati ya mitungi miwili ukigeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Miaka ya 1990, Douglas Harrison na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana walionyesha kwamba haidrojeni inaweza kutolewa kwenye methani kwa hatua moja. Kama njia ni nzuri kiasi hiki na imejulikana muda wote huo, mbona viwanda havijaihamia?

Kwa sababu chokaa inachoka.

Chembe moja, mara hamsini

Mwaka 1973 mtafiti Barker alichapisha majaribio yake ya kuichoma chokaa, kuilisha hewa ukaa, kuichoma tena na kuilisha tena. Kwenye vitabu mmenyuko huo unakwenda na kurudi bila kupungua. Kwenye mizani yake ulipungua kila mzunguko.

Chukua chembe moja iliyotoka motoni, ndogo kama punje ya chumvi. Mawe safi ya kilo 100 yakichomwa yanabaki kilo 56. Kilo 44 zilikuwa hewa ukaa. Ilipoondoka, hewa hiyo iliacha mahali pake wazi, na chembe ikabaki imejaa vitundu. Ukiiangalia chembe hiyo kwa hadubini yenye nguvu, utasema ni sifongo.

Hewa ukaa inaporudi huanza na kuta za vitundu hivyo. Lakini jiwe linalozaliwa upya linataka nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chokaa iliyolizaa. Vitundu vinajaa. Midomo yake inaziba kwa tabaka gumu, na chokaa iliyo ndani inabaki imefungiwa, haijaonja kitu. Mwanzoni kunasa huenda kwa kasi kubwa. Midomo ikishaziba, mwendo unakuwa wa kobe.

Halafu inakuja safari ya tanuri la pili. Kwenye joto lile chembe haziyeyuki, lakini hulainika na kushikamana, kama sukari iliyopata unyevu kwenye kopo. Vitundu vidogo vinamezwa na vikubwa, na eneo la kunasia hewa ukaa linapungua. Mzunguko unaofuata unakuta sifongo hafifu zaidi. Watafiti wa Hispania, Grasa na Abanades, waliiendesha chokaa ya kawaida kwa mamia ya mizunguko, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba uwezo wake hushuka hadi kutulia kwenye asilimia 7 hadi 8.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kama chokaa yote ingefanya kazi, kilo 7 zingetosha kunasa hewa ukaa ya mmenyuko unaotoa kilo moja ya haidrojeni. Kwa asilimia 7.5, unahitaji kilo zaidi ya 90. Zote zinapashwa joto hadi nyuzi 900, zinapozwa hadi 650, zinapashwa tena, huku sehemu kubwa ikiwa abiria asiyelipa nauli.

> Kama chokaa yote ingefanya kazi, kilo 7 zingetosha. Kwa iliyochoka, zinahitajika zaidi ya 90.

Boriti ndani ya punje

Hapa ndipo kazi ya kutafuta malighafi bora ilipo, na hapa ndipo ninapoona ufundi wa hali ya juu.

Njia inayotumika sana ni kuipa chembe boriti. Chokaa huchanganywa na kitu kisichonasa hewa ukaa wala kulainika kwenye joto lile, kikae katikati ya punje na kuzizuia zisigandane. Mayenaiti, madini ya kalsiamu na aluminiamu, ndiyo boriti inayopendwa. Wengine hutumia zirkonia. Dolomaiti, binamu wa jiwe la chokaa, inakuja na boriti yake ya asili: magnesiamu iliyomo ndani yake haishiki hewa ukaa kwenye joto hilo, basi inabaki imesimama kama nguzo.

Boriti zina bei. Kila gramu ya mayenaiti ni gramu isiyonasa kitu, na chembe iliyopikwa maabara kwa hatua nne au tano haiwezi kushindana kwa bei na jiwe lililopasuliwa kwa baruti. Kiwanda kinataka mizunguko maelfu. Chembe inayodumu mizunguko 50 kwenye sahani ndogo ya maabara ni habari njema kwa mwanafunzi wa uzamivu, lakini mwenye kiwanda hawezi kuitegemea.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaiweka nikeli na chokaa ndani ya chembe moja ili kila hewa ukaa inayozaliwa inaswe hapo hapo. Ni wazo la kupendeza, ila nikeli na chokaa hazizeeki pamoja. Moja ikifa mapema, utalazimika kuitupa na mwenzake aliye hai. Na nikeli si kitu cha kutupa ovyo, kwa gharama na kwa sumu yake.

Silikati ya lithiamu nayo inanasa vizuri na kuachia kwenye joto la chini kuliko chokaa. Ila lithiamu inagombewa na watengeneza betri wa dunia nzima.

Kuna dawa nyingine ya uchovu, na niliposoma habari yake nilitabasamu. Watafiti waligundua kwamba chokaa iliyochoka ikikutanishwa na maji au mvuke inapata uhai upya. Maji yanaingia, chembe inavimba na kupasuka, vitundu vipya vinafunguka, na uwezo mwingi unarejea. Ni kitendo kile kile cha fundi wa pwani anayelimwagia maji jiwe lililotoka tanuuni. Tatizo nalo ni lile analolijua fundi: jiwe lililonyweshwa maji linakuwa unga. Kwenye mtambo ambamo chembe zinapeperushwa kwa kasi na kugongana usiku na mchana, unga hupotea na moshi.

Wanaoamini na wanaopinga

Majaribio makubwa yapo. Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kilipewa fedha za serikali kujenga mtambo wa megawati 1.5 wa kutoa haidrojeni kwa njia hii. Norway, taasisi ya nishati ya Kjeller imeifanyia kazi kwa miaka mingi. Hispania, mtambo wa La Pereda wa megawati 1.7 ulionyesha kwamba chokaa inaweza kuzungushwa na kunasa moshi wa makaa ya mawe nje ya maabara, kwenye kituo cha umeme.

Wahandisi wa upande huu wanasema: mtungi mmoja badala ya mitatu, joto dogo kwenye kutoa haidrojeni, chuma cha bei nafuu zaidi, na hewa ukaa inayotoka ikiwa tayari imetengwa.

Wanaotilia shaka wanauliza kuhusu tanuri la pili. Nyuzi 900 zinatoka wapi? Ukichoma gesi kwa hewa ya kawaida ndani ya tanuri hilo, naitrojeni inaingia na kuiharibu hewa ukaa uliyohangaika kuitenga. Basi unachoma kwa oksijeni tupu, na oksijeni tupu inahitaji mtambo wake na umeme wake. Swali hilo ni la haki, na majibu yaliyopo yote yana gharama.

Shaka kubwa zaidi inaanzia kisimani gesi inakochimbwa. Mwaka 2021, Robert Howarth wa Cornell na Mark Jacobson wa Stanford walichapisha hesabu zilizotikisa sekta nzima: haidrojeni ya gesi asilia, hata hewa ukaa yake ikinaswa, inaweza kuipasha dunia joto kuliko kuchoma gesi yenyewe, kwa sababu ya methani inayovuja njiani. Wenzao waliwajibu mwaka 2022 kwamba makadirio yao ya uvujaji yalikuwa ya juu na mtambo waliouchukua kama mfano ulikuwa dhaifu. Nimewasoma wote. Hakuna upande unaokanusha kwamba bomba linalovuja linaua faida yote, kwani kwa kipindi cha miaka 20 methani inapasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa.

Kenya imechagua njia nyingine. Mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, uliotangazwa Septemba 2023, unategemea umeme wa jotoardhi ya Olkaria, upepo na jua, na lengo la kwanza ni mbolea. Haidrojeni hiyo haina methani wala chokaa. Inahitaji umeme, na mwingi: uniti 50 hadi 55 kwa kila kilo. Kwa nchi yenye Olkaria, uamuzi huo una mantiki. Kwa Tanzania yenye takriban futi za ujazo trilioni 57 za gesi, nyingi zikiwa chini ya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, mjadala hauwezi kufungwa kwa kunakili wa jirani.

Ikishanaswa, ilale wapi?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji wa teknolojia hulipitia haraka. Chokaa haiifuti hewa ukaa. Inaishika kwa muda mfupi, kisha inaikabidhi. Kama hakuna wa kuipokea, itarudi hewani, na kazi yote itakuwa bure.

Norway imekuwa ikiizika chini ya bahari kwenye uwanja wa Sleipner tangu 1996, karibu tani milioni moja kwa mwaka katika miaka yake mizuri. Agosti 2025 mradi wa Northern Lights ukaanza kuizika chini ya bahari mbele ya Øygarden. Nchi hiyo ilitumia miongo kuipima miamba yake kabla ya kuiamini.

Utasikia pia kwamba kiwanda cha yurea kitaitumia hewa ukaa yote. Kiwanda hicho huitumia kweli, maana yurea hutengenezwa kwa amonia na hewa ukaa. Lakini mbolea ikimwagwa shambani, hewa hiyo inatoka udongoni na kurudi angani. Kwangu hiyo si hifadhi, na natamani asidanganywe mtu kwa hilo kwenye kikao chochote cha kusaini mkataba.

> Chokaa haiifuti hewa ukaa. Inaishika kwa muda mfupi, kisha inaikabidhi.

Msimamo wangu ni huu. Gesi ya kusini itachimbwa. Mazungumzo ya mradi wa Likong'o, Lindi, wa kuigeuza kuwa kimiminika yanahusu hilo. Sehemu yake ikienda kwenye mbolea ya mkulima wetu, chokaa ndani ya mtungi ni njia bora kuliko kumwaga moshi wote angani. Lakini isiitwe safi kabla haijaonyeshwa miamba itakayoihifadhi hewa ukaa, mita za kupima uvujaji wa methani, na nani atasimamia vyote viwili.

Kutoka Kilwa hadi Wazo

Kuna sehemu moja ambapo gesi ya Songo Songo na jiwe la chokaa tayari vinakutana kila siku: kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam. Gesi inachoma, jiwe linaachia hewa ukaa yake, na yote inapanda angani. Sehemu kubwa ya moshi wa saruji duniani haitoki kwenye moto, inatoka ndani ya jiwe lenyewe.

Nalitaja hilo kwa sababu chokaa iliyochoka kwenye mtambo wa haidrojeni haitupwi. Ni malighafi ya saruji, na hewa ukaa yake imeshatolewa. Mtambo wa haidrojeni ukijengwa jirani na tanuri la saruji, kinachoshindwa kazi huku kinaanza kazi kule. Chembe haihitaji tena kudumu mizunguko maelfu. Inaweza kutumika kwa muda mfupi, ikapokelewa na jirani, na jiwe jipya likaingia. Kwa nchi yenye mawe ya chokaa Tanga, Dar es Salaam na Kilwa, mlango huu uko wazi kuliko ule wa mayenaiti inayopikwa ughaibuni.

Ila jiwe si jiwe tu. La sehemu moja lina udongo, la nyingine lina magnesiamu, jingine linavunjika upesi. Na hakuna anayepaswa kugusa matumbawe hai. Mawe yako nchi kavu, yameinuka kutoka baharini maelfu ya miaka iliyopita.

Kando ya barabara ya Kilwa Masoko, kwenye rundo la mawe ya ujenzi, niliomba kipande kimoja. Kiko mezani ninapoandika, kimekaa juu ya mizani ya jikoni: gramu 250. Ukikitazama karibu unaona alama ya nyota ndogo ndogo, nyumba za viumbe waliokijenga. Kama ni kabonati ya kalsiamu tupu, kikichomwa kitabaki gramu 140. Kikirudishwa kwenye hewa ukaa mara ya kwanza kitapanda tena, bila kufika pale kilipoanzia. Kitafika gramu ngapi mara ya ishirini, na ngapi mara ya hamsini? Hilo linahitaji tanuri la maabara, mizani nzuri, na kijana wa kukesha nacho akiandika namba.